Hidroa: lengelenge la jua linaloacha kovu

Mtoto amecheza mpira Makadara, Mombasa, tangu saa sita hadi alasiri. Usiku analalamika uso unamchoma. Asubuhi pua, mashavu na masikio yametoka malengelenge. Jirani atasema ni tetekuwanga, na huwezi kumlaumu. Ila tetekuwanga haichagui: hushuka kifuani na tumboni, ikapanda hadi kwenye nywele.

Hidroa vaksiniforme ni ugonjwa adimu wa ngozi unaochochewa na jua, na aghalabu huanza utotoni. Mfaransa Bazin aliueleza mwaka 1862. "Vaksiniforme" linatokana na ndui ya ng'ombe: lengelenge hubonyea katikati, hufanya kigaga cheusi, kisha huacha kovu lililozama kama la ndui. Vipele vya kawaida vya jua hupona bila alama, kwa hiyo kovu hilo ni ushahidi mkubwa.

Daktari wa ngozi huangalia pia pasipofikiwa na jua: chini ya kidevu, nyuma ya masikio, ndani ya kanzu. Kisha huuliza muda. Mtoto anayelia kwa maumivu dakika chache tu baada ya kutoka nje, tena bila malengelenge ya maana, hushukiwa protoporfiria, mojawapo ya porfiria, yaani magonjwa ambayo kemikali ziitwazo porfirini hurundikana mwilini. Mkojo mwekundu na meno ya hudhurungi huashiria porfiria nyingine, iliyo kali zaidi. Ndiyo maana damu, mkojo na choo hupimwa porfirini. Kwa mwenye hidroa, majibu huwa ya kawaida.

Kipande kidogo cha ngozi hukatwa kikachunguzwe, pamoja na kutafuta ndani yake virusi vya Epstein-Barr, vinavyohusishwa na hidroa. Kupima damu kuona kama mtu amewahi kuambukizwa hakutoshi, maana watu wengi duniani wanavyo. Homa, uso kuvimba au vidonda kuenea hadi palipofunikwa si jambo la kungoja: huenda ni aina nzito inayogusa chembe za damu.

Vitabu husema ugonjwa huzidi kiangazi na kutulia baridi. Vya Ulaya, hivyo. Mombasa, iwe kaskazi au kusi, jua ni lile lile, na mpangilio huo hauonekani kirahisi. Afadhali kuuliza mtoto hukaa upande gani kwenye matatu ya shule, kwani mionzi ya urujuanimno aina ya A hupenya kioo. Na mzazi apige picha siku ya kwanza. Tarehe ya kliniki ikifika, yamebaki makovu tu.