Kikao cha ukoo si mahakama

Hapa Dar, matanga yakishaanuliwa, kabla hata turubai halijarudishwa kwa mwenyewe, wazee huketi kikao cha mirathi. Hapo ndipo utakapozisikia sheria ambazo hakuna aliyezitunga.

"Ukoo umeshamteua baba mdogo, yamekwisha." Hayajaisha. Ukoo hupendekeza jina tu. Msimamizi wa mirathi huteuliwa na mahakama. Muhtasari wa kikao huambatana na cheti cha kifo, kisha mahakama hutoa tangazo ili mwenye pingamizi ajitokeze. Tangu 2021 mashauri ya namna hii yana jengo lake Temeke, Kituo Jumuishi cha masuala ya familia, ambamo utazikuta Mahakama ya Mwanzo mpaka Mahakama Kuu.

"Msimamizi ndiye mwenye nyumba sasa." Hii ndiyo inayovunja undugu kuliko zote. Naijua nyumba moja Mbagala, vyumba sita vya wapangaji. Kila mwezi msimamizi anapita na daftari lake, anakusanya kodi, na watoto wa marehemu wakiuliza wanajibiwa, "Mahakama imenikabidhi mimi." Kweli imemkabidhi, lakini imemkabidhi kazi: akusanye mali, alipe madeni, awagawie warithi, kisha arudi na hesabu. Kwa mirathi ya Mahakama ya Mwanzo, ndani ya miezi minne tangu ateuliwe anatakiwa apeleke Fomu Namba 5, yenye orodha ya mali na madeni, halafu Fomu Namba 6 ya mgawanyo. Asipofanya hivyo, warithi wana haki ya kuiomba mahakama imuondoe. Wengi hawaombi, wanaogopa kuonekana wanamshitaki baba mdogo.

"Mjane arithiwe na shemeji, mali isitoke nje." Sheria ya Ndoa ya 1971 inampa mjane uhuru wa kuishi anapotaka na kuolewa na amtakaye, au asiolewe kabisa.

"Kuandika wosia ni uchuro." Anayesema hivyo mara nyingi ni mwanachama mzuri wa chama cha kuzikana, halazi mchango hata mwezi mmoja. Sanda ameshaipangia, nyumba bado. Wosia wa kimila ulioandikwa unataka mashahidi wasiopungua wawili kama mwenye wosia anajua kusoma na kuandika, wanne kama hajui, na ni salama zaidi wasiwe warithi. RITA, wakala wa serikali wa usajili, ufilisi na udhamini, huandika wosia na kuuhifadhi pia, usije ukaibuka chini ya godoro siku ya tatu. Kwa Waislamu, wasia hauvuki theluthi ya mali, nao si wa kumwongezea mrithi fungu lake ila wenzake wakiridhia.

"Nina karatasi ya kiwanja, inatosha." Inategemea karatasi imeandikwaje. Nilionyeshwa moja Tandika, imetolewa ndani ya kopo la biskuti, imekunjwa mara nne mpaka mikunjo imetoboka. Muhuri wa serikali ya mtaa unasomeka vizuri. Mnunuzi: Mzee Randa. Marehemu alikuwa seremala na mtaa mzima ulimwita hivyo, ila cheti cha kifo kina jina la ubatizo. Wanawe ikabidi waende kwa wakili, wakaapa kwamba Mzee Randa na baba yao ni mtu mmoja.