Kwa Nini Injinia Hungoja Mwaka wa Mwisho Ndipo Achague Kozi?

Chumba kimoja cha hosteli, wanafunzi wawili. Mmoja anasoma sosholojia, na tangu mwaka wa kwanza amekuwa akichagua kozi za hiari kama mtu anayechagua nyanya sokoni: hii nachukua, ile naiacha. Mwenzake anasoma uhandisi ujenzi. Kwa miaka mitatu ratiba yake imekuwa ikija imeshapangwa, kuanzia kipindi cha asubuhi Jumatatu hadi maabara ya Ijumaa, na hakuna aliyemuuliza anapenda nini. Leo, mwaka wa nne, mfumo wa usajili unamwonyesha orodha ya kozi saba na kumtaka achague mbili. Anashika simu kuwapigia kaka na dada waliomtangulia, na swali lake ni moja tu: "Ipi ni mteremko?"

Tutarudi kwenye mteremko. Kwanza, mbona mlango huu hufunguliwa mtu akiwa anakaribia kuondoka?

Maarifa ya uhandisi hubebana, moja mgongoni mwa lingine. Chukua kozi ya usanifu wa madaraja, ambayo katika vyuo vingi ni ya hiari. Lori lenye shehena likipanda darajani, uzito wake hautulii mahali pamoja. Unatembea, na kila unaposogea unapinda boriti kwa namna nyingine. Kujua ni wapi lori likifika daraja litaumia zaidi ni kazi ya uchambuzi wa miundo. Uchambuzi huo hauingii kichwani kwa mtu asiyejua jinsi chuma na zege vinavyovutika na kukandamizwa, somo ambalo kwa kawaida hufundishwa mwaka wa pili. Nalo linakaa juu ya mekanika (elimu ya nguvu na mwendo) na hesabu za kalkulasi za mwaka wa kwanza. Hapo bado hatujaigusa nguzo iliyosimama mtoni. Msingi wake unadai mekanika ya udongo, na udongo ulioloa unadai ujue maji yanavyopenya na kusukuma, yaani mekanika ya vimiminika. Ukihesabu, nyuma ya kozi moja ya hiari kuna foleni ya kozi tano au sita za lazima, na foleni hiyo inamaliza miaka mitatu bila kupoteza hata muhula. Aliyewahi kula sapu, yaani kurudia mtihani, ya somo la katikati anaufahamu mnyororo huu kwa uchungu.

Sababu nyingine ni cheo chenyewe. Tanzania, huwezi kujiita mhandisi kwa kuwa tu umesoma. Kuna Sheria ya Usajili wa Wahandisi ya mwaka 1997 na Bodi yake. Anayetoka chuoni husajiliwa kama mhandisi mhitimu, kisha hufanya kazi chini ya usimamizi kwa miaka isiyopungua mitatu kabla ya kuwa mhandisi mtaalamu. Kenya nayo ina Bodi yake ya Wahandisi, na digrii yenyewe ni ya miaka mitano, hivyo uchaguzi husogea mbele zaidi. Cheti kinasema "uhandisi ujenzi", basi. Anayekuajiri kusimamia ghorofa hatauliza kama ulipokuwa huru kuchagua uliamua kuikwepa zege. Chuo kinalazimika kuhakikisha hakuna aliyeikwepa.

Si kwamba hakuna aliyejaribu kufungua milango yote. Charles Eliot, rais wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, kuanzia 1869 hadi 1909, aliwaachia wanafunzi wake wachague karibu kila kitu. Cha kuchekesha ni kwamba mzee huyo alikuwa mwanakemia aliyetoka kufundisha MIT, kwenye shule ya mafundi. Uhandisi haukumfuata. Mwaka 1955 kamati ya walimu wa uhandisi wa Marekani chini ya L. E. Grinter ilipendekeza jinsi ya kuigawa digrii, na masomo ya kuchagua yakapewa karibu sehemu moja ya kumi. Katika miaka minne, sehemu ya kumi haifiki hata nusu mwaka. Inatosha kukaa mwishoni na hakuna pengine.

Na hiyo orodha ya kozi saba, nani aliiandika? Mara nyingi ni kivuli cha walimu waliopo. Profesa wa maji ya ardhini akiwepo, kuna kozi ya maji ya ardhini. Akienda masomoni au akistaafu, kozi inabaki kwenye kitabu cha mwongozo kama duka lenye bango lakini limefungwa. Kozi nyingine hufutwa kwa sababu waliojiandikisha ni watu wanne. Kwa hiyo mwenye busara huwa na chaguo la pili mfukoni.

Sasa tuurudie mteremko. Hofu kubwa ni GPA, yaani wastani wa alama zako zote, lakini wachache hukaa wakapiga hesabu. Digrii ya miaka minne huwa na krediti zipatazo 480. Kozi moja ya hiari tuseme ina krediti 12, ambayo ni asilimia 2.5 ya mzigo wote. Kwa mfumo wa alama tano, A ni 5 na B+ ni 4. Ukichukua kozi ngumu ukapata B+ badala ya A ya mteremko, GPA yako inapungua kwa 0.025. Ukiangukia B, ni 0.05. Aliye kwenye 4.41, ilhali daraja la kwanza linaanzia 4.4, ana haki ya kuogopa. Aliye kwenye 3.8 anaogopa bure.

Wengine huchagua kwa kusikiliza taarifa ya habari. Reli ya SGR ikitajwa, wote reli. Umeme wa maji ukitajwa, wote mabwawa. Shida ni kwamba miradi mikubwa haifuati saa ya chuo. Jiwe la msingi la SGR ya Dar es Salaam hadi Morogoro liliwekwa Aprili 2017. Aliyeingia mwaka wa kwanza baadaye mwaka huo kwa ajili yake alimaliza 2021, ajira nyingi za ujenzi wa kipande hicho zikiwa zimeshashikwa. Aliyefaidi ni yule aliyesoma reli kabla haijawa na sifa, labda kwa sababu tu aliipenda.

Mimi ningemuuliza huyo kijana wa hosteli swali jingine: kazini, ni nani atakufundisha hili? Kuchora kwa kompyuta utafundishwa na fundi mchoraji wa ofisini, wiki chache zinatosha. Mikataba ya FIDIC, ile ya kimataifa ya kazi za ujenzi, ni muhimu mno. Kwa toleo la 1999, mkandarasi asipotoa taarifa ya dai lake ndani ya siku 28 anaweza kulipoteza kabisa. Lakini kila kampuni kubwa ina mtu mwenye mvi anayezijua siku hizo 28 kwa sababu ziliwahi kumuuma, naye hupenda kusimulia. Dinamika ya miundo, yaani jinsi jengo linavyotikisika, au hesabu za fainaiti elementi, ambapo kompyuta huugawa muundo vipande vidogo vidogo na kuvikokotoa, ni habari nyingine. Programu itakupa picha yenye rangi nyekundu na bluu, nzuri kweli, na ofisi nzima itaitazama kwa heshima. Kama imekosewa, hakuna wa kukwambia. Kozi ya namna hiyo inataka mwalimu, ubao na mtu wa kukusahihishia, na nafasi hiyo haipatikani kirahisi ukishaanza kuamkia saiti.

Majina yasikudanganye pia. Kozi mbili zinaweza kuitwa za "kisasa", moja ikawa ya kukariri slaidi na nyingine ya kukesha. Desa za mwaka jana, yaani nukuu wanazorithishana wanafunzi, hazitakuonyesha tofauti, kwa kuwa kila desa huonekana rahisi. Tafuta karatasi ya mtihani uliopita. Kama maswali yote yanaanza na "eleza" na "taja", umeupata ule mteremko uliokuwa ukiuulizia.