Kushukuru wakati boma bado halijapauliwa

Boma lisilo na bati humsuta mwenye nalo. Kila akipita anaona kisichokuwepo: kenchi za paa hakuna, madirisha matundu matupu, nyasi sebuleni. Kazi yangu ni kusimamia ujenzi wa watu wanaojenga kwa mshahara, kwa duka la mtaani, kwa zamu yao ya upatu, watu ambao nyumba yao itachukua miaka minane, pengine kumi. Wanaoishia njiani si wote walioishiwa fedha. Wengine moyo huchoka kwanza, boma likaachwa, kisha mvua ikamalizia. Ndiyo maana shukrani naihesabu kuwa kazi ya ujenzi kama zilivyo kazi nyingine, ina vipimo vyake na ina namna ya kuharibika.

Tuanze na kipimo. Mtu husema, "Mwezi huu nimepata mfuko mmoja tu wa saruji." Hilo "tu" linatokana na kutojua mfuko ule ni nini ukishafika ukutani. Mfuko wa kilo 50, ukichanganywa kwa haki, hutoa matofali kama 25 ya inchi 6. (Fundi anayekuahidi 50 kwa mfuko anakuuzia mchanga uliogandishwa.) Mita moja ya mraba ya ukuta hula matofali kama 10. Kwa hiyo mfuko wako ni mita mbili na nusu za mraba. Chumba cha mita tatu na nusu kwa tatu na nusu, kozi moja, yaani mstari mmoja wa matofali wa kukizunguka, ni matofali kama 30. Maana yake mfuko mmoja ni karibu kozi nzima ya chumba cha mwanao, na kozi tisa au kumi hivi zinakufikisha usawa wa lenta, ule mkanda wa zege unaopita juu ya milango na madirisha. Saruji ya kujengea na ujira wa fundi vina hesabu yao, lakini tayari umeona: huwezi kukishukuru kitu usichojua ukubwa wake. Mtu aliyepiga hesabu hii haongezi "tu".

Hatua ya pili ni daftari. Chukua la kawaida la shule, ulifungue kurasa mbili zinazotazamana. Kushoto andika "Kilichosimama", kulia "Kilichobaki". Kushoto kuwe na tarehe, kiasi na aliyehusika: "Tripu moja ya mchanga, shemeji alisaidia kushusha." Usiandike "namshukuru Mungu kwa kila kitu" ukafunga. Ni kweli, lakini miezi sita baadaye sentensi hiyo haikukumbushi chochote, ilhali ile tripu ya mchanga utaiona mbele ya macho.

Andika mara moja kwa wiki, si kila siku. Robert Emmons na Michael McCullough, wanasaikolojia wa Marekani, walichapisha mwaka 2003 utafiti ambamo watu waliandika mambo hadi matano ya kushukuru kila wiki kwa wiki kumi. Waliyaona maisha yao kuwa mazuri zaidi kuliko walioandika kero zao. Sonja Lyubomirsky na wenzake nao wakaona kwamba walioandika mara moja kwa wiki walinufaika, walioandika mara tatu hawakunufaika. Mimi naelewa kwa nini. Ukishukuru kwa ratiba kali, kalamu inakwenda na moyo umebaki nyuma. Chagua jioni moja, Ijumaa au Jumapili, dakika kumi.

Kurasa zile mbili hazisomwi wakati mmoja. Minjung Koo na Ayelet Fishbach waliotafiti jambo hili waligundua kwamba mtu ambaye bado anasitasita hutiwa nguvu akitazama alichokwisha kufanya, na ambaye ameshaamua kabisa husukumwa zaidi na kilichobaki. Basi mwezi ambao unafikiria kuuza kiwanja, soma kushoto tu. Mwezi ambao fedha iko mkononi na fundi amepatikana, fungua kulia upange. Watu wengi hufanya kinyume: wakiwa wamekata tamaa ndipo wanapopiga hesabu ya bati zima.

Sasa nije kwenye jambo ninaloliona zito kuliko daftari. Kushukuru kwa kitu ni kukitunza. Anayelidharau boma lake kwa kuwa halijaisha huliacha wazi, na mvua ya masika haisubiri. Maji hukaa juu ya kozi ya mwisho, hupenya kwenye maungio, na mchanganyiko uliopunjwa saruji hulainika hadi unaukwangua kwa kidole. Ukuta unaota ukijani. Kabla masika hayajaanza, piga tabaka jembamba la saruji juu ya kozi ya mwisho, uliinamishe kidogo maji yatiririke. Ncha za nondo zilizochomoza kwenye nguzo zipake uji mzito wa saruji, kisha uzivishe mfuko wa nailoni na kuufunga; siku ya kuendelea, zisugue kwa brashi ya waya. Msingi ufukie pande zote mbili, maji yasichimbe chini yake. Na usichimbe mtaro wa msingi kama hela ya zege haijatimia, kwa sababu mvua moja itaangusha kingo na kulainisha kitako, utalipia kuchimba mara mbili.

Saruji usiihifadhi. Ikikaa miezi mitatu imeshapungua nguvu, na ikishika unyevu inafanya mabonge. Igeuze kuwa matofali mapema, yamwagilie maji asubuhi na jioni kwa siku saba angalau, yapange chini ya kivuli. Matofali yaliyoiva yanaweza kukungoja miaka.

Watu pia. Shukrani ya fundi ni kulipwa siku mliyokubaliana, mbele ya daftari, bila kuzungushwa. Jirani anayekuangalizia nondo zisiibiwe anastahili kujua kwamba unajua. Na mwenzako nyumbani, aliyekubali kitenge kisinunuliwe mwaka huu ili kokoto ije, jina lake liandikwe ukurasa wa kushoto kama la mfadhili yeyote.

Kuna shukrani inayoharibu kazi. Moja ni ile ya kujiliwaza: "Tunashukuru, hata hapa tulipofika si haba," mwaka wa tano, boma halijaongezwa tofali. Dalili yake ni ukurasa wa kulia usio na tarehe hata moja. Weka jambo moja dogo lenye mwezi wake. Nyingine ni sherehe. Kumwaga jamvi, lile zege la sakafu, kunastahili furaha, lakini chai, maandazi na dua vinatosha. Nimeona sherehe ya jamvi ikila fedha ya lenta.

Ukiweza, maliza chumba kimoja na choo chini ya bati, uhamie. Kodi uliyokuwa ukilipa inageuka saruji. Ila ujue kwamba baada ya miezi michache jicho litazoea, na kile chumba ulichokililia utaanza kukiita pagale. Kwa hiyo tangu kiwanja kikiwa kichaka, piga picha ukiwa umesimama palepale, kila hatua: msingi, jamvi, lenta, kupaua. Zisafishe, uzibandike kwenye daftari kwa mpangilio. Usisahau moja ya kila ukuta kabla ya plasta, nyaya na mabomba yakionekana, na futi kamba ikiwa imenyooshwa kutoka kona. Hiyo utaihitaji pia siku utakayotaka kutoboa ukuta utundike kabati.