Je, wajua kwa nini maji ya alkali hayabadili damu yako, lakini magadi hubadili sufuria nzima ya maharage?

Siku hizi hapa Mwanza utakuta dukani, pembeni ya maji ya kawaida, chupa iliyoandikwa "pH 9" na bei yake imechangamka. Muuzaji atakueleza kwamba nyama choma, soda na sangara wa kukaanga vimeijaza damu yako asidi, na kwamba magonjwa yote, kuanzia kiungulia mpaka saratani, yanapenda mwili wa namna hiyo. Dawa yake, maji ya alkali. Maelezo yanaingia akilini upesi sana. Tatizo ni kwamba mwili haufanyi kazi hivyo.

Kipimo cha pH kilibuniwa mwaka 1909 na mkemia wa Denmark, Søren Sørensen, aliyekuwa akifanya kazi katika maabara ya Carlsberg, ndiyo, wale wale wa bia. Kinaanzia 0 hadi 14. Katikati ni 7. Chini ya hapo ni asidi, juu yake ni alkali, na kila hatua moja ni tofauti ya mara kumi. Damu ya mtu mzima wa afya hukaa kati ya 7.35 na 7.45. Uwazi huo ni mwembamba mno, na mwili unaulinda usiku na mchana bila kusubiri chupa ya mtu.

Unaulindaje? Panda kilima cha Bugando kwa miguu, haraka haraka. Misuli inatoa kaboni dioksaidi nyingi, gesi hiyo ikiyeyuka kwenye damu inageuka asidi, na kabla hujafika juu tayari unahema. Kule kuhema ndiko kuitupa asidi nje. Kazi ya polepole zaidi, ya saa nyingi hadi siku kadhaa, inafanywa na figo: zinatoa asidi kwenye mkojo na kurudisha baikaboneti kwenye damu. Baikaboneti ndiyo alkali ya mwili.

Sasa hayo maji ya pH 9 yanapita wapi? Kwanza yanatua tumboni, ambako asidi ina pH ya 1.5 hadi 3.5, na alkali yake inaishia hapo hapo. Hata kama kingebaki kidogo, kingeingia kwenye damu na figo zingekitoa. Ndiyo maana anayejipima mkojo kwa karatasi ya rangi anaona mabadiliko na kushangilia. Mkojo unaweza kwenda kutoka 4.5 mpaka 8 kwa siku za kawaida kabisa, kwa sababu ndiko taka zinakotolewa. Hausemi lolote kuhusu pH ya damu, zaidi ya kwamba figo ziko kazini.

Kuna jambo la kweli lililozaa uvumi huu. Chakula kikishatumika mwilini huacha mabaki. Nyama, samaki na nafaka huacha asidi zaidi. Mboga na matunda huacha alkali zaidi, hata ndimu, kwa sababu chumvi za sitrati zilizomo hugeuzwa kuwa baikaboneti. Madaktari hutumia njia hiyo hiyo wanapompa potasiamu sitrati mgonjwa mwenye aina fulani za mawe kwenye figo, ili mkojo wake upungue asidi. Kula mchicha na mapapai, basi, vinakufaa kwa nyuzinyuzi na potasiamu yake. Lakini kudai kwamba saratani inatokana na damu yenye asidi ni kugeuza mambo kichwa chini: uvimbe wa saratani wenyewe ndio unaotoa asidi pale ulipo. Robert O. Young wa Marekani, mmoja wa waliolieneza sana wazo hili, mwaka 2016 alikutwa na hatia huko San Diego kwa kutibu watu bila leseni.

Damu ikishuka kweli chini ya 7.35, hilo ni jambo la hospitali, si la duka. Hutokea kwa mgonjwa wa kisukari aliyekosa insulini, kwa mwenye figo zilizochoka, na kwa anayeharisha sana, maana choo cha majimaji kinaondoka na baikaboneti. Watu wa mwambao wa ziwa wanaijua kipindupindu. Pakiti ya ORS wanayopewa wagonjwa, kwa kanuni ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2002, ina gramu 2.9 za sitrati kwa kila lita ya maji, pamoja na sukari na chumvi, na sitrati hiyo mwilini inageuka baikaboneti. Ukitaka kuona maji yanayomrudishia mtu alkali yake kwa sababu ya maana, ni hayo, na kituo cha afya hawaandiki "pH 9" juu yake.

Tuhamie jikoni, ambako alkali inafanya vitu unavyoviona kwa macho. Bandika maharage makavu, yale yaliyokaa ghalani mpaka yakawa sugu, kisha tia kipande cha magadi kisichozidi punje ya hindi. Baada ya muda povu linapanda, maji yanakuwa ya kahawia iliyokolea na maganda yanaanza kuachia. Kinachotokea ni kwamba pektini, gundi inayoshikanisha seli za punje, huyeyuka upesi kwenye alkali. Kwenye asidi hukaza. Mpishi anayetia nyanya kabla maharage hayajaiva atakesha na mkaa wake. Kalsiamu, madini yanayofanya maji yawe magumu, nayo huikaza hiyo gundi, na ndiyo maana maharage ya maji magumu ya kisima huchelewa kuliko ya maji ya ziwa. Maji ya ziwa ni laini. Hata sabuni inatoa povu bila kusumbuliwa.

Kwenye mlenda magadi yana kazi ya pili, rangi. Kijani cha majani kimeshikwa na chembe ya magnesiamu. Asidi ya majani yenyewe, ikichemka, inaing'oa chembe hiyo na mboga inageuka rangi ya mchanga wa matope. Magadi yanaimeza asidi kwanza, mlenda unabaki kijani. Gharama yake ni vitamini B1 na C, ambazo haziivumilii alkali. Halafu magadi ni chumvi ya sodiamu, kwa hiyo mwenye presha asiyaone kama kitu kidogo. Na magadi ghafi ya Bonde la Ufa mara nyingi yana floraidi. Floraidi ikizidi utotoni huacha meno yana madoa ya kahawia, tatizo linalojulikana vizuri Arusha na hata baadhi ya sehemu za Shinyanga na Mara. Binafsi ningeloweka maharage usiku kucha na kuyaacha magadi.

Magadi yenyewe yanatoka kwenye maziwa kama Natron na, upande wa Kenya, Magadi, ambako yamekuwa yakichimbwa kibiashara tangu mwaka 1911. Maji ya Natron hupita pH 10 na huunguza ngozi. Kwa nini Natron liwe hivyo na Ziwa Victoria tunywe? Jibu kubwa ni tundu. Natron halina mto unaotoka: chemchemi na mito vinaingiza chumvi za sodiamu kutoka kwenye miamba ya volkano, Ol Doinyo Lengai ikiwa hapo kando, jua linachukua maji, chumvi zinabaki na kurundikana. Ziwa Victoria linatoka pale Jinja na kuwa Nile. Zaidi ya hapo, karibu asilimia 80 ya maji yanayoliingia ni mvua inayonyesha juu ya ziwa lenyewe, na mvua haina madini ya kuhesabika.

Hapa lazima tutenganishe pH na akiba ya alkali. pH ni hali ya maji kwa sasa. Akiba ni uwezo wa kumeza asidi bila pH kuruka, kama shokapu ya bodaboda kwenye barabara ya mawe. Ziwa letu lina akiba ndogo, kwa hiyo pH yake huyumba upesi. Katika Ghuba ya Mwanza, pale taka za mjini zinapoteremka kwa njia kama Mto Mirongo na kuwalisha mwani, maji hugeuka kijani kibichi. Mchana mwani hunyonya kaboni dioksaidi, ile ile inayotia asidi, na alasiri pH inaweza kupita 9. Usiku mwani unahema, gesi inarudi, pH inashuka.

Kwa mwenye vizimba vya sato hilo si jambo la kitabuni. Samaki hutoa amonia. Kwenye maji ya pH 7 na nyuzi joto 25, sehemu yake yenye sumu haifiki asilimia 1. Kwenye pH 9 ni zaidi ya theluthi moja. Chakula kile kile, samaki wale wale, sumu imezidi mara hamsini na zaidi. Vifo vingi vya ghafla vizimbani ni vya kukosa oksijeni alfajiri, lakini wanaopima maji wanapaswa kupima mara mbili: kabla jua halijachomoza kwa ajili ya oksijeni, na saa tisa hadi kumi alasiri kwa ajili ya pH. Anayepima saa tatu asubuhi tu anapata namba nzuri pande zote mbili. Na siku maji yamegeuka kijani, chakula cha alasiri kipunguzwe.