Mguu umenyamaza, ubongo je?

Karibu kila wiki ndugu wa mgonjwa ananidaka kwenye korido na swali lilelile, "daktari, picha imesemaje, atatembea?" Mimi sio daktari, ni fizio (mtaalamu wa mazoezi ya viungo), niko wodi ya majeruhi wa mgongo mwaka wa 11 sasa, lakini uchungu wa hilo swali naujua. Wamechangishana ukoo mzima hela ya MRI (picha ya ndani ya mwili inayopigwa kwa sumaku), bahasha kubwa wanayo kwapani, wanataka iwajibu.

Picha ya mgongo inajibu nusu tu. Inaonyesha pingili iliyovunjika, damu, uvimbe, na pale ugwe mgongo ulipobanwa, yani ule mkanda laini wa neva unaopita ndani ya mifupa, mwembamba kama kidole tu. Nyuzi ngapi bado zinapitisha habari haikwambii. Na mgonjwa akishafungwa vyuma shingoni, picha za baadaye zinakuja na kivuli palepale unapotaka kuona. Ndo moja ya sababu watafiti wakaamua kupanda juu, wakaangalie ubongo.

Mashine ni MRI ileile, kinachobadilika ni namna ya kupiga. Sehemu ya ubongo ikifanya kazi inaletewa damu yenye oksijeni nyingi kuliko inayoitumia, na damu yenye oksijeni na isiyo nayo hazifanani mbele ya sumaku. Basi unamwambia mgonjwa jaribu kukunja kidole gumba cha mguu, sekunde 20, pumzika, jaribu tena, mguu wenyewe hausogei hata kidogo, na kompyuta inatafuta ni wapi kwenye ubongo palipopanda na kushuka kufuata hiyo amri, inapapaka rangi, ndo tunasema pamewaka.

Kisa ninachowaelezea sana wanafunzi ni cha Christopher Reeve, yule mwigizaji wa Superman. Mei 1995 alianguka na farasi kule Virginia, Marekani, akaumia juu kabisa ya shingo, na kwa miaka 5 chini ya mabega karibu hakikurudi kitu. Halafu, akiwa kwenye mazoezi makali yasiyokatika, hisia na miondoko kidogo ikaanza kurudi, kwenye madaraja ya ukali wa jeraha la ugwe akatoka A (hakuna kinachopita) hadi C (miondoko ipo ila dhaifu), kitu ambacho baada ya muda wote huo ni nadra mno. Timu ya Maurizio Corbetta wa Washington University, St. Louis, wakampiga picha za ubongo, matokeo yakatoka 2002.

Walipomtetemesha mkono, eneo la mkono kwenye ubongo halikuitika. Ila alipochezesha ulimi, eneo hilohilo la mkono likawaka! Uso ndo jirani wa mkono kwenye ramani ya ubongo, na jirani aliona shamba halilimwi akaingia kulima. Mguu sasa, walipoutetemesha, ubongo ukaitika mahali pake sahihi kabisa. Na alipojaribu miondoko, ramani ya sehemu inayotoa amri ilikuwa karibu sawa na ya mtu mzima wa afya. Miaka yote ile ya kimya, na ramani haijafutika. Nilivyosoma mara ya kwanza nilirudia ile kurasa mara tatu, maana nilishawahi kumwacha mgonjwa asijaribu mguu kwa vile tu hausogei, na hilo bado linaniuma.

Lakini ndugu zangu tusidanganyane. Ubongo kuwaka maana yake amri imeandikwa, kufika ni habari nyingine. Reeve alitumia kiti cha magurudumu hadi alipofariki Oktoba 2004. Kuna pia kazi ya Patrick Freund na wenzake, 2013, waliofuatilia majeruhi wapya 13 kwa mwaka mmoja, wakaona ugwe na sehemu za ubongo zinazohusika vinasinyaa ndani ya miezi tu, na ambao njia zao za neva zilisinyaa polepole ndo walipona vizuri zaidi. Hii naiona ya maana kuliko rangi za kuwaka, kwa sababu inapimika na inaweza kutumika kujua kama dawa mpya inasaidia.

Kwa mgonjwa mmoja kitandani bado naanza na pini, pamba, na kile kipimo cha kidole njia ya haja kubwa ambacho watu wanakionea aibu, maana hisia ikiwepo pale, njia haijakatika yote. Na narudia, siku za mwanzo ugwe uko kwenye mshtuko, unaweza kunyamaza hata pale ambapo haujakatika, unadanganya.

Kuna kijana wodini aliteleza kwenye mnazi. Kila asubuhi namwambia afumbe macho, avute unyayo juu, mimi vidole vyangu viko kwenye kano mbele ya kifundo. Anajikaza mpaka jasho linatoka kwenye paji. Jana niliposema pumzika akauliza, "dada, umesikia?" Nikamwambia bado, tukarudia.