Mtawanyiko nyumbufu wa protoni: jinsi pembe ndogo inavyopimwa

Protoni mbili zikigongana kwa nishati kubwa, mara nyingi huvunjika na kuzaa chembe nyingi mpya. Lakini kwenye LHC, mashine ya kuharakisha protoni ya CERN, kituo cha Ulaya cha utafiti wa nyuklia, kwa nishati ya 13 TeV (TeV ni kipimo cha nishati, sawa na GeV 1,000), zaidi ya robo ya migongano huisha vingine: protoni zote mbili hutoka nzima, hazizai chochote, ila njia zao zimepinda kidogo. Huo ndio mtawanyiko nyumbufu.

Kinachopimwa ni huko kupinda. Zidisha pembe kwa momenta ya protoni, kisha pandisha jibu kwa kipeo cha pili: unapata |t|, kipimo cha ukubwa wa msukumo ambao protoni zimepeana. Kwa protoni ya 6,500 GeV, yaani nusu ya 13 TeV, |t| ya 0.01 GeV² ni pembe ya mikrorediani (milioni za rediani) 15 tu. Baada ya mita 220, kama hakuna sumaku njiani, protoni imehama milimita 3.4. Bado imo ndani ya bomba la mwale wa protoni, na vigunduzi vinavyozunguka mahali pa mgongano haviioni.

Ndipo vinapohitajika vyungu vya Kirumi, vilivyoanza kutumika CERN katika miaka ya 1970. Chungu ni kikasha cha chuma kinachosogezwa ndani ya bomba, chenye ukuta mwembamba upande wa mwale. Vigunduzi hukaa ndani yake bila kugusa ombwe la mashine. Mwale unapojazwa, vyungu hurudishwa nyuma. Ukitulia, husogezwa hadi milimita chache kutoka kwake. Vyungu vya jaribio la TOTEM vina tabaka 10 za silikoni, na ukingo wao usioona chembe una mikromita 50 hivi. Ukingo mpana ungemeza zile pembe ndogo tunazozitaka hasa.

Mwale wenyewe nao ni kikwazo. Ukibanwa sana ili migongano iwe mingi, protoni hufika tayari zimetawanyika kwa zaidi ya mikrorediani 30, na zile 15 zinapotea humo. Kwa hiyo beta-nyota, kipimo ambacho kikiwa kikubwa mwale huwa haujabanwa sana, hupandishwa kutoka chini ya mita moja hadi mita 90, na mtawanyiko wa mwale hushuka hadi mikrorediani 2.5 hivi. Gharama yake ni migongano michache, hivyo zinatengwa siku maalumu.

Mpango huo pia hukuza mhamo wa wima hadi milimita 4 hivi. Chungu kikidhaniwa kipo milimita 0.1 pembeni ya mahali pake halisi, pembe hukosewa kwa asilimia 2.5, na |t| kwa asilimia 5. Kosa dogo la nguvu za sumaku hudhuru vivyo hivyo. Protoni za migongano miwili tofauti nazo huweza kujifanya jozi moja. Huchujwa kwa kudai pembe ya kushoto ilingane na ya kulia, kwa mwelekeo kinyume.

Data safi ikipatikana, mchoro wake hurefushwa hadi t = 0, na kanuni ya optiki, inayohusisha mtawanyiko wa pembe sifuri na migongano ya kila aina, hutoa eneo lote la mgongano, yaani kipimo cha uwezekano wa protoni mbili kugongana kwa namna yoyote. Kwa 13 TeV, TOTEM ilipata milibani (kizio kidogo sana cha eneo) 110.6, kosa likiwa 3.4.