Kabla ya kununua chupa ya vitamini: maswali na majibu

Kwa miaka niliyokaa nyuma ya dirisha la famasi, hakuna maneno niliyoyasikia mara nyingi kama "Naomba vitamini nzuri." Nami huuliza: nzuri kwa kazi gani? Wengine hununa kidogo, wakiona nawazungusha. Lakini bila jibu la swali hilo, mkono wangu ukienda rafuni unabahatisha tu. Haya hapa ndiyo ninayoulizwa zaidi.

Vitamini ipi ni bora kuliko zote kwa matumizi ya kila siku?

Hakuna. Vitamini zinazojulikana ni 13: A, C, D, E, K na kundi la B lenye nane. Kila moja ina kazi yake na haishiki zamu ya mwenzake. Ukiwa umepungukiwa na B12, hata ukimeza vitamini C chupa nzima, ganzi ya miguu haitaondoka.

Mwaka 1747 daktari wa meli, James Lind, aliwachukua mabaharia 12 wenye kiseyeye, ugonjwa wa kukosa vitamini C, akawagawa wawili wawili, kila jozi akaipa tiba yake. Kuna waliopewa siki, kuna waliopewa maji ya bahari. Wawili waliopewa machungwa na malimau walipata nafuu upesi, na mmoja wao siku ya sita alikuwa anafaa kurudi kazini. Wauzaji huisimulia hadithi hii kama sifa ya vitamini C. Mimi naiona tofauti: wale mabaharia walikuwa na pengo, na machungwa yakaliziba. Baharia asiye na pengo angekula chungwa lilelile akapata utamu wake, basi.

Mimi nachoka sana siku hizi. Si dalili ya kukosa vitamini?

Huenda ni hiyo, huenda siyo. Uchovu hubisha hodi kwa niaba ya kila ugonjwa: damu kupungua, kisukari, tezi ya shingo kufanya kazi kidogo, kifua kikuu, sonona, mimba ambayo bado hujaijua, au kulala saa nne kila usiku. Ninachoogopa si kidonge chenyewe. Naogopa miezi mitatu ambayo mtu anameza kidonge akisubiri nguvu, huku ugonjwa halisi unaendelea na safari yake.

Kwa hiyo anza na kipimo. Wingi wa damu ni kipimo rahisi. Daktari akiona haja ataongeza feritini, inayoonyesha akiba ya madini chuma, au B12. Si lazima kila mtu apime kila kitu. Kupima kunafuata dalili na historia yako.

Hapa niseme kwa mkazo kuhusu madini chuma, maana ndiyo watu hujiandikia wenyewe. Usiyaanze kwa kuhisi tu. Wapo watu ambao damu yao iko chini lakini chuma kimejaa mwilini, mfano baadhi ya wenye selimundu au thalasemia, magonjwa ya damu ya kurithi, hasa walioongezewa damu mara nyingi. Kuwaongezea chuma ni kuwaumiza ini na moyo. Na mwanaume, au mwanamke aliyekoma hedhi, akikutwa na upungufu wa chuma, swali la kwanza ni damu inapotelea wapi. Inaweza kuwa kidonda cha tumbo, inaweza kuwa uvimbe kwenye utumbo mpana. Kidonge kitapandisha damu na kuficha alama hiyo.

Basi ni nani hasa anayehitaji kumeza?

Mwanamke anayetarajia kushika mimba ndiye wa kwanza, na nasema "anayetarajia" kwa makusudi. Sehemu ya kiinitete inayokuja kuwa ubongo na uti wa mgongo hufunga ndani ya siku 28 hivi tangu mimba kutungwa. Siku hizo wengi hawajajua kama ni wajawazito. Isipofunga vizuri, mtoto huzaliwa na mgongo wazi au kasoro kubwa zaidi ya ubongo. Utafiti wa Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza, uliochapishwa mwaka 1991, uliwafuata wanawake waliokuwa wameshapata mimba yenye tatizo hili. Waliopewa asidi ya foliki, yaani vitamini B9, kabla na mwanzoni mwa mimba, hatari ya kurudia ilishuka kwa takriban asilimia 72. Sijui kidonge kingine cha lishe chenye ushahidi mzito kiasi hicho.

Kwa wengi dozi ni mikrogramu 400 kwa siku, kuanzia angalau mwezi mmoja kabla ya mimba. Aliyewahi kupata mtoto mwenye mgongo wazi, au anayetumia baadhi ya dawa za kifafa, huhitaji dozi kubwa zaidi, na hiyo huandikwa na daktari. Mimba ikishaingia, Shirika la Afya Duniani linashauri miligramu 30 hadi 60 za chuma pamoja na hiyo foliki kila siku.

Wanaofuata ni wale wenye shida na B12: wasiokula kabisa chochote kitokanacho na mnyama, waliofanyiwa upasuaji wa tumbo, wanaotumia metformin ya kisukari au omeprazole ya kupunguza asidi ya tumbo kwa miaka, na watu wenye umri mkubwa. Ya wazee ina sababu ya kuvutia. B12 ya kwenye chakula imeng'ang'ania protini, na inahitaji asidi ya tumbo kuachia. Asidi hiyo hupungua uzeeni. B12 ya kidonge haijafungwa na kitu, hivyo hufyonzwa hata tumbo likiwa limechoka.

Vitamini D ni kwa ambao ngozi yao haikutani na jua, na watoto wachanga wanaonyonya maziwa ya mama peke yake, ambao katika nchi nyingi hushauriwa kupewa matone ya IU 400 (IU ni kipimo cha kimataifa cha vitamini) kwa siku. Kuna na wengine wachache wenye magonjwa ya utumbo, ini au figo, lakini hao tayari wana daktari wao. Hapo orodha imekaribia kwisha.

Na multivitamini ya kawaida, moja kwa siku? Nikimeza kwa ajili ya usalama tu?

Hicho ni kidonge chenye vitamini nyingi pamoja. Ikiwa haizidi mahitaji ya siku, kwa watu wazima wengi haina madhara. Wala haina ahadi. Mwaka 2022 jopo la wataalamu wa kuzuia magonjwa la Marekani lilipitia tafiti zilizopo, likasema ushahidi hautoshi kudai kwamba multivitamini huzuia saratani au magonjwa ya moyo. Kwa beta-karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, na vitamini E lilikwenda mbali zaidi: lilishauri zisitumike kwa lengo hilo.

Mzee aliyepoteza hamu ya kula ningempa multivitamini bila kusita. Kijana anayekula vizuri ningemwambia aende zake na hela yake mfukoni, ingawa najua wenye duka hawatafurahi.

Vitamini si dawa. Nikizidisha si zitatoka tu kwenye mkojo?

Baadhi. Za kundi la B na C huyeyuka kwenye maji, na ziada kubwa hutoka. A, D, E na K huyeyuka kwenye mafuta. Mwili unaziweka ghalani, na ghala likijaa linaumiza. Vitamini D ikizidi sana hupandisha kalsiamu kwenye damu, mtu akatapika, akachanganyikiwa, figo zikadhurika. Vitamini A ikizidi huathiri ini, na kwa mjamzito inaweza kumharibu mtoto.

Hata hizo za maji zina mipaka. Vitamini B6 kwa dozi kubwa ya muda mrefu huleta ganzi na michomo miguuni, yaani dalili zilezile ambazo mtu alikuwa anazikimbia alipoinunua. Vitamini C kupita miligramu 2,000 kwa siku inaweza kuharisha, na kwa wengine kuchangia mawe kwenye figo. Foliki nyingi nayo inaweza kurekebisha picha ya damu ya mtu aliyepungukiwa B12, huku neva zake zikiendelea kuharibika kimyakimya.

Lililonifunza adabu zaidi ni la wavutaji sigara wa Finland. Zaidi ya wanaume 29,000 walishiriki kwenye utafiti, na wengine wakapewa beta-karotini kwa matumaini kwamba ingewakinga na saratani ya mapafu. Matokeo yalitoka mwaka 1994: waliopewa walipata saratani hiyo zaidi, kwa asilimia 18. Kama unavuta sigara, beta-karotini ya dozi kubwa usiiguse.

Nisome nini kwenye chupa?

Geuza nyuma. Maneno ya mbele, "nguvu", "kinga", "ng'ara", ni ya mtu wa matangazo.

Nyuma, angalia kwanza dozi ni vidonge vingapi. Chupa nyingi huorodhesha kiasi kilichomo kwenye vidonge viwili au vitatu, si kimoja. Kisha angalia vipimo. Vitamini D huandikwa kwa IU au kwa mikrogramu, na mikrogramu 1 ni IU 40, hivyo IU 1,000 si kubwa kama inavyoonekana. Ni mikrogramu 25. Kwenye chuma, tofautisha uzito wa chumvi na uzito wa chuma chenyewe: kidonge cha feras salfeti cha miligramu 200 hutoa chuma kama miligramu 65 tu. Halafu kuna asilimia ya mahitaji ya siku. Ikikaribia 100, sawa. Ikisomeka 2,000, uliza kwa nini.

Siku moja mama mmoja alinimwagia mezani chupa tatu kutoka kwenye mkoba: multivitamini, ya nywele na kucha, na mafuta ya ini la samaki. Alitaka kujua kama anaweza kuongeza ya nne. Nikachukua kalamu, nikazigeuza moja moja. Vitamini A: mikrogramu 900, tena 900, tena 1,500. Jumla 3,300, na kikomo cha mtu mzima kwa siku ni 3,000. Majina matatu tofauti, rangi tatu tofauti, na ndani yake kitu kilekile kimerudiwa mara tatu. Nilipomuuliza kama anatafuta mtoto alitabasamu, akasema ndiyo maana alizinunua. Aliondoka na foliki peke yake.

Natumia dawa za hospitali. Naweza kuchanganya?

Taja kila kitu unachomeza, hata kile usichokihesabu kuwa dawa. Kalsiamu, chuma, zinki na magnesiamu hukamatana tumboni na dawa kadhaa, zikapita bila kufyonzwa. Levothyroxine ya tezi ya shingo itenganishwe nazo kwa saa nne. Antibayotiki kama doksisaiklini na siprofloksasini nazo hupoteza nguvu. Wanaotumia dolutegravir kwa ajili ya VVU waimeze saa mbili kabla ya madini hayo au saa sita baada yake. Kwa chuma na kalsiamu, inaruhusiwa kumeza vyote pamoja mradi iwe na chakula.

Anayetumia warfarin, dawa ya kuzuia damu kuganda, asianze wala asiache vitamini K ghafla. Na ukiwa unameza bayotini ya nywele, mwambie anayekutoa damu. Dozi kubwa huvuruga baadhi ya vipimo vya maabara, vikiwemo vya tezi na kile cha kugundua shambulio la moyo.

Ni ya mimea, asilia. Haina kemikali.

Mmea uitwao St. John's wort ni wa asili kabisa, na unazipunguza nguvu dawa za uzazi wa mpango na za VVU. Zaidi ya hapo, kinachoandikwa "asilia" si lazima ndicho kilichomo. Bidhaa za kupunguza unene na za nguvu za kiume zimekamatwa mara kwa mara zikiwa na dawa zilizofichwa, mfano sildenafil, ile iliyomo kwenye Viagra. Kwa mtu anayetumia dawa za naitreti za moyo, hiyo inaweza kumwangusha presha hadi afe. Marekani kwenyewe, kwa sheria ya mwaka 1994, virutubisho hivi huingia sokoni bila kuidhinishwa kwanza na mamlaka ya dawa. Alama ya mpimaji huru, kama USP, hukuhakikishia kwamba kilichoandikwa ndicho kilichomo. Haikuhakikishii kwamba kitakusaidia.

Vitamini C inazuia mafua?

Kwa watu wengi, hapana. Anayeimeza kila siku akiugua hupona mapema kidogo, pengine nusu siku. Kuianza baada ya pua kuanza kuchuruzika hakujaonyesha faida ya kuaminika.

Madini chuma yananikera tumbo, na choo kimekuwa cheusi.

Choo cheusi ni kawaida, ila kikiwa kama lami, chenye kunata na harufu kali, nenda hospitali. Kwa tumbo, mueleze aliyekuandikia. Mara nyingi kumeza siku moja na kuruka moja hupunguza kero. Usimeze na chai wala kahawa, maana huzuia chuma kufyonzwa. Juisi ya chungwa husaidia. Na chupa hiyo ikae juu, imefungwa. Vidonge vyake vyekundu hufanana na peremende, na vichache tu vinaweza kumuua mtoto mdogo.

Tangu nianze multivitamini mkojo ni wa njano kali, karibu uwake gizani. Figo zangu zimeharibika?

Hapana. Hiyo ni vitamini B2 ya ziada ikitoka. Ina rangi hiyo tangu kiwandani.